Vyuma Nilivyomchagulia Baba Mkwe

Vijana wangu, nasikia siku hizi duka la gofu lina mashine. Mteja anapiga mpira mara tano, kioo kinamulika, na kompyuta inamwambia vyuma gani vinamfaa. Vizuri sana, sina ugomvi na mashine. Mimi kazi hii niliifanya Kisumu miaka ya themanini na tisini nikiwa na futi ya kamba ya fundi wa nguo, ubao, kipande cha mkaa na macho mawili, na la kulia halikuwa zuri hivyo. Lakini mashine yenu ikishamaliza kusema, nifanyieni jambo moja: mwombeni mteja awape mikono yake, na mishike. Sababu nitawaambia, ila mtanivumilia, maana nikianza kusimulia huwa nazunguka kwanza.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya klabu, dirisha lake likitazama ziwa. Asubuhi nyingine tulikuta nyayo za kiboko kwenye nyasi, na mlinzi akituapia kwamba hakuwa amelala. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Zablon, Mmaragoli aliyekuja Kisumu kutengeneza baiskeli, kisha akachukuliwa na klabu kwa sababu siku moja alikunjua fimbo ya mzungu mmoja iliyopinda bila kuivunja. Gofu yenyewe hakuwahi kucheza hata siku moja. Alisema mchezo wa kupiga kitu halafu unakifuata mwenyewe kwa miguu haumwingii akilini.

Lakini vyuma alivijua. Kwa yeyote kati yenu asiyejua, vyuma ni zile fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, kuanzia tatu hadi tisa na nyingine mbili tatu za mchangani, na mchezaji huzinunua zote pamoja kama seti ya vikombe. Akikosea seti, atakosea kila Jumamosi kwa miaka.

Somo la kwanza la Mzee Zablon lilikuwa hili. Mteja anaingia, anaanza kujisifu, Mzee anamwachia aseme mpaka amalize, halafu anasema, "Sawa, Bwana. Sasa leta ile ya zamani." Mteja akienda kuchukua mfuko wake kwenye gari, Mzee ananigeukia.

"Elisha, usiulize mtu anapiga aje. Atakudanganya. Hapa Kisumu kila mtu anapiga mbali akiwa ameketi. Wewe uliza chuma yake."

Na chuma kilijibu. Ukitazama uso wa chuma namba saba kilichotumika miaka mitatu, utaona mahali palipong'aa kwa kugonga mpira. Pakiwa katikati, pa mviringo kama shilingi, huyo ni mchezaji. Pakitawanyika kutoka kisigino hadi kwenye ncha, huyo ni msemaji. Halafu unageuza chuma chini, unaangalia wapi kimelika kwa kukwaruza ardhi. Mwisho unatazama raba ya mpini, pale mikono inaposhika. Kidole gumba cha kushoto huchimba shimo lake, na vidole vitatu vya mwisho vya mkono huo, vile vinavyokaa juu kabisa karibu na ncha ya mpini, huacha alama zao tatu. Hivyo vitatu ndivyo vinavyobeba kazi yote. Mtu asiyeshika kwa vidole hivyo hana fimbo mkononi, ana samaki hai.

Nilifundishwa yote hayo, na bado nilikosea. Nilikosea mara nyingi, mengine ya kuchekesha. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Port Victoria, mnene, mcheshi, aliyejifunza gofu ukubwani. Alikuja mwezi wa Januari wakati ardhi imekauka na kupasuka, akajaribu vyuma vyembamba vya kukata, vikaruka juu ya ule udongo mgumu vizuri ajabu. Nikamfungia seti nzima kwa furaha. Mvua za Aprili zikaja, na mnajua udongo wetu mweusi ukilowa unavyokuwa. Kila akipiga, chuma kinazama mpaka shingoni. Akaniletea mfuko dukani, matope mpaka kwenye zipu.

"Elisha, mimi nilinunua vyuma. Wewe umeniuzia jembe!"

Mzee Zablon alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu hapo sikumchagulia mtu vyuma bila kumuuliza anacheza sana miezi gani. Mtu wa mvua mpe chuma chenye tako pana, kitateleza juu ya matope.

Sasa nije kwa Baba Mkwe.

Nilikuwa nimemwoa Akinyi, na ndoa ilikuwa bado changa. Baba yake, Mwalimu Nashon, alikuwa mwalimu mkuu na baadaye afisa wa elimu, mtu wa Kisian, mwembamba, wa suruali yenye mkunjo ulionyooka. Wenzake wa ofisini ndio waliomtia kwenye gofu, na akaipenda kimyakimya kama alivyopenda vitu vyote. Vyuma vyake vya zamani alikuwa akituachia dukani, na mimi ndiye niliyevisafisha kila Jumamosi jioni kwa majivu na mafuta ya taa kidogo, kwa sababu hewa ya ziwa hula chuma. Hata kabla sijamjua Akinyi, nilikuwa nimemjua baba yake kupitia vyuma hivyo. Alama yake ilikuwa katikati kabisa, ya mviringo, safi. Nilimheshimu kabla hajanijua jina.

Alipokaribia kustaafu, Akinyi na ndugu zake wakakubaliana kumnunulia baba yao seti mpya. Wote wakanigeukia.

"Wewe ndiye fundi," Akinyi akaniambia. "Chagua yenye itamfaa. Usituaibishe."

Nilivimba kichwa, sitawaficha. Wakati huo vyuma vipya havikupatikana ovyo. Unaagiza Nairobi, unasubiri miezi, kisha kinachokuja ndicho hicho. Zilikuja seti mbili. Ya kwanza ilikuwa vyuma vyembamba, laini, mgongo umejaa, ukivigeuza mwanga unateleza juu yake. Ya pili ilikuwa aina iliyokuwa ngeni kwetu, kichwa kikubwa, tako pana, mgongo umechimbwa shimo. Hivyo vya pili vinasamehe. Ukigonga mpira pembeni bado utakwenda, wala mkono hautetemeki. Lakini makedi, wale vijana wanaowabebea wachezaji mifuko, walikuwa wameshavibatiza jina: sufuria. Mchezaji akitoa chuma cha aina hiyo mfukoni, utasikia mmoja nyuma ya mti akiuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Mzee Zablon aliweka seti zote mbili juu ya meza. "Mwite Mwalimu tumpime."

"Hapana, Mzee. Ni zawadi, hafai kujua. Nitasoma vyuma vyake vya zamani."

"Soma. Lakini pia mshike mikono. Tafuta sababu, mwambie unabadilisha raba."

Nikaanza kukunja futi yangu. Aliniangalia, akaanza kutabasamu.

"Wewe Elisha unaogopa mikono ya mkwe?"

Ndiyo, niliogopa. Ninyi mliokulia mjini labda mtacheka. Kumpa baba mkwe mkono wa salamu ni sawa, unainama kidogo, unauachia. Lakini kumpima mtu vyuma si salamu. Unamwambia asimame mikono ikining'inia, unapiga magoti kupima kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini. Unamgeuza viganja, unamkunja vidole kimoja kimoja uone kama ncha zinafika kwenye nyama ya kiganja, maana hapo ndipo unapojua unene wa mpini. Unamwinamisha mgongo, unamsukuma goti. Nimfanyie hivyo baba wa Akinyi? Mimi ambaye nilikuwa nikinywa chai kwake bila kufikisha macho juu ya kola ya shati lake?

"Hata kwetu Maragoli mkwe anaheshimiwa," Mzee Zablon akasema. "Mimi yangu nikimwona njiani naingia kwa mahindi. Lakini hapa ni kazi. Daktari akikuwa na mkwe mgonjwa, ataita nani?"

Sikumsikiliza. Nilitoa vyuma vya Mwalimu vya zamani, nikatazama ile alama nzuri ya mviringo, nikasema huyu anapiga katikati, huyu ni wa vyuma vyembamba. Na la pili, nikiri yote leo: kumpa Baba Mkwe sufuria ilikuwa kama kumwambia mbele ya watu kwamba amezeeka. Nikafunga vile vyembamba kwa karatasi, na sufuria nikazisukuma chini ya meza.

Tulipompelekea Kisian ilikuwa sherehe. Mchungaji aliomba, kuku waliliwa. Mwalimu alivaa miwani, akatoa namba saba, akaigeuza polepole chini ya mwanga wa mlango. Akasema, "Ero kamano, orwa." Asante, mkwe wetu. Mara ya kwanza aniite hivyo mbele ya watu. Mama mkwe akapiga kigelegele huko jikoni. Njia nzima ya kurudi Akinyi alikuwa amenishika mkono.

Akavitumia. Kutoka dirishani kwangu niliona shimo la kwanza lote, ule uwanja wa kuanzia mchezo ulio kati yetu na ziwa, na kila Jumamosi nilimtazama akianza. Mipira ilitoka chini chini, ikienda kulia, ikifa mapema. Nilijiambia ni vyuma vipya, atavizoea. Akirudi dukani namuuliza, "Baba, vyuma viko aje?" Anasema, "Viko sawa kabisa, orwa. Ni mimi tu sijafanya mazoezi." Huku mkono wa kushoto uko mfukoni. Nilikuwa naona mkono uko mfukoni, vijana wangu, na sikuuliza.

Kisha akaacha kuja. Jumamosi ya kwanza alisema ni palizi. Ya pili, mkutano wa kanisa. Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, na Mwalimu hakuonekana. Wenzake watatu aliocheza nao walikuwa wakipita dukani kuniuliza kama mkwe wangu ni mgonjwa. Ndipo Akinyi akaenda kwao siku mbili, akarudi, akaketi mezani bila kufungua kitambaa cha kichwa.

"Mama anachemshia Baba maji kila asubuhi. Anatia chumvi, Baba anaweka mikono ndani. Vyuma viko kwa chumba cha kulala, vimefunikwa shuka." Akanitazama. "Elisha, ni mikono ama ni vyuma?"

Asubuhi nilitoka bila kumtazama. Nilikwenda kazini nikiwa sina hamu hata ya chai. Nilipomweleza Mzee Zablon, hakunigombeza. Aliinuka, akavitoa vile vyuma vya zamani vya Mwalimu vilivyokuwa bado vimesimama pembeni, akachomoa namba saba na kunipa upande wa mpini.

"Hii raba uliweka lini?"

"Mwaka mmoja kabla tumpe vipya."

"Angalia."

Kidole gumba kilikuwa kimechimba shimo lake. Lakini juu yake, pale vidole vitatu vya mwisho hukaa, raba ilikuwa mpya, na vile vimistari vyake vya kiwandani havijaguswa. Mwaka mzima vile vidole havikuwa vimeshika kitu. Ile alama nzuri iliyonivutia usoni mwa chuma ilikuwa ya miaka ya nyuma, na sasa nilipoitazama kwenye mwanga niliona mikwaruzo mipya myembamba iliyokimbilia kwenye ncha. Nilikuwa nimempimia Mwalimu wa zamani.

"Uliona hii siku ile, Mzee?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mshike mikono. Ningesema nini zaidi?" Akainama chini ya meza, akazivuta zile sufuria, vumbi juu yake. Hakuna aliyezitaka mwaka mzima. "Enda na hii. Na ubebe ubao."

Jumapili baada ya kanisa nikafika Kisian na sufuria mgongoni, ubao kwapani, mfukoni mkaa na futi. Nilikuwa pia na mkoba wa Mzee Zablon wenye raba mpya, petroli kwenye chupa ndogo na mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Mwalimu alikuwa kwenye veranda akisoma gazeti. Aliangalia mzigo wangu, akakunja gazeti, akaitisha chai. Tukanywa. Tukaongea mvua. Tukaongea bei ya mbolea. Chai ya pili ikaja. Nikaona nikiendelea hivi nitarudi Kisumu na ubao wangu.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha. Vile vyuma nilikuchagulia vibaya."

Aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Omera! Mimi nilisema hii siri nitazikwa nayo." Akapangusa macho. "Kila nikigonga mpira, maumivu yanapanda mpaka kwa kiwiko. Msimu mzima, Elisha. Lakini utaambia orwa aje? Utamwambia zawadi yako inaniuma? Nikaona heri niseme ni palizi."

"Hiyo palizi ilikuwa ndefu, Baba."

"Ilikuwa ndefu sana. Hata Mama alianza kuuliza hiyo shamba iko wapi." Kisha akaacha kucheka. "Na wewe ni fundi. Kwa nini hukunipima?"

Nilitazama kikombe. "Nilionea haya kukushika mikono."

 Alisogeza vikombe pembeni, kimoja, kingine, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja juu.

"Shika."

Nilipiga magoti nikaishika. Ilikuwa ya moto kama ya mtu mwenye homa. Viungo vilikuwa vimevimba, na vidole vitatu vya mwisho vya kushoto vilikuwa vimekwama nusu njia, havifiki kwenye kiganja. Mikono iliyoandika ubaoni miaka thelathini na zaidi. Nikavikunja taratibu, kimoja kimoja, nikimwangalia usoni sasa, maana hakuna namna nyingine ya kujua pale inapouma. Alifumba macho. Mama mkwe alitokeza mlangoni na birika, akatuona, akarudi ndani bila sauti. Nililia mimi, na sioni aibu kuwaambia. Niliwaza vile mtu huyu alivyovumilia Jumamosi baada ya Jumamosi ili mimi nisiaibike, na mimi nilikuwa nimeogopa dakika tano za kumshika mkono.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Nilitoa raba za sufuria, nikazungushia shafti, ule mti wa fimbo, mpira wa baiskeli, tabaka moja, nikampa ashike. "Bado." La pili. "Bado kidogo." La tatu akafunga mkono, vidole vikakaa bila kulazimishwa, akasema, "Hapo." Hiyo ndiyo siri ya Mzee Zablon ya mikono mikongwe, na haimo kwenye mashine yenu: unenepeshe mpini mpaka mkono usihitaji kujikunja. Raba mpya ikapanda juu kwa petroli. Halafu nikalaza ubao uani, nikasugua mkaa chini ya chuma, akapiga juu ya ubao huku kuku wakikimbia, nikasoma mahali mkaa ulipofutika: katikati, chuma kinakaa sawa. Nilimwinamisha mgongo. Nilimsukuma goti. Alitii kama mwanafunzi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipotoka kwenda malishoni. Alipiga namba saba mpira mmoja tu. Ulipanda, ukakaa juu, ukavuka ua wa jirani ukaangukia kwenye mihogo yake. Mwalimu alibaki ameinua mikono pale ilipoishia, akiitazama.

"Hawa makedi watasema sufuria," nikamwambia.

"Waseme. Mimi nimekula kwa sufuria maisha yangu yote."

Jumamosi iliyofuata wenzake watatu walimkuta shimo la kwanza amewatangulia. Vile vyuma vyembamba vilirudi dukani, Mzee Zablon akavitafutia kijana mmoja wa benki mwenye mikono ya kuviweza, na hilo halikuwa gumu, kwa uzuri wake. Mwalimu aliendelea kucheza mpaka katikati ya miaka ya tisini. Kila mwaka nilikwenda Kisian kumbadilishia raba, na kila mwaka, kabla ya chai, aliweka mikono mezani bila kuambiwa.

Alipofariki, baada ya mazishi familia ikakaa kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Ndugu yake mkubwa alinyanyua mfuko wa vyuma, akauliza nani anacheza huu mchezo. Hakuna aliyeinua mkono. Mimi sichezi pia, nilifuata tabia ya Mzee Zablon. Lakini alinipa mimi, na Akinyi akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Mnajua nilivyokuwa nikiwafundisha, raba ibadilishwe kila mwaka kwa sababu inakauka na kuwa ngumu. Hizi sijazibadilisha mpaka leo. Mkija nyumbani nitawatolea namba saba, na msiangalie uso wake kwanza. Shikeni upande wa mpini mwangalie kwenye mwanga. Shimo la kidole gumba lipo. Juu yake, karibu na ncha, vile vimistari vya kiwandani vimeisha kabisa, na pana mabonde matatu madogo, kidole kwa kidole, mpaka kile cha mwisho. Kila nikiyagusa nafurahi, kwa sababu naona alikuwa ameshika.